Alan Page: mlinzi wa futiboli aliyeketi Mahakama ya Juu ya Minnesota

Swali: "Mdogo wangu anaishi Minneapolis, Marekani, na mwanawe amehamia shule iitwayo Justice Page. Kijana ananiambia kwamba huyo Page alikuwa mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, mlinzi, ambaye baadaye alikuwa jaji. Mimi shangazi yake nimebaki na maswali mawili. Kwanza, mchezaji ambaye kazi yake ni kuzuia tu anawezaje kuhesabiwa kuwa bora kuliko wenzake wote? Pili, huo ujaji ulikuwa ujaji wa kweli, au ni heshima tu wanayopewa watu maarufu?" Msomaji, Tanga.

Jibu:

Dada yangu wa Tanga, nakushukuru kwa swali hili, kwa sababu linanipa nafasi ya kumweleza mtu ambaye nimekuwa nikimfuatilia kwa miaka mingi na ambaye habari zake kwa Kiswahili ni haba. Nianze na la pili kwa ufupi ili usikae na wasiwasi: ujaji wake ulikuwa wa kweli kabisa. Alan Page alikaa katika Mahakama ya Juu ya jimbo la Minnesota kuanzia Januari 1993 hadi Agosti 2015, na kiti hicho hakupewa na mtu. Alikipata kwa kura za wananchi, akakitetea mara tatu zaidi kwa kura hizohizo. Na kuhusu la kwanza, mwaka 1971 alitangazwa kuwa Mchezaji Bora wa NFL nzima, yaani ligi kuu ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani, katika tuzo ya shirika la habari la Associated Press, akawa mlinzi wa kwanza kuipata. Tangu hapo amefuatiwa na mlinzi mmoja tu, Lawrence Taylor wa New York Giants, mwaka 1986.

Hata hivyo, naomba nisiishie hapo, kwa kuwa namna habari hii inavyosimuliwa mara nyingi huanzia mwisho. Watu husema: mchezaji aliyegeuka kuwa jaji. Mimi nikiitazama historia yake tangu utotoni, naona kijana aliyetaka sheria kwanza, na futiboli ikamkuta njiani.

Alizaliwa tarehe 7 Agosti 1945 mjini Canton, katika jimbo la Ohio. Canton ulikuwa mji wa viwanda vya chuma, na wanaume wengi wa mtaani kwake, hasa Waafrika wa Marekani, waliishia humo humo: kazi ya moto, moshi na kelele, inayofanana leo na jana, na isiyokosa kuacha mtu na kovu. Page ameeleza mara nyingi kwamba tangu akiwa mtoto wa shule ya msingi aliitazama kazi ile akajiambia kwamba haimfai. Kilichomvutia ni uwakili, ambao aliuona kwenye tamthilia za televisheni, na kama watoto wengi aliamini kwamba mawakili ni watu wenye magari mazuri na muda wa kucheza gofu. Lakini mwaka 1954, alipokuwa karibu kutimiza miaka tisa, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu ya kesi ya Brown, iliyotamka kwamba kuwatenga watoto wa shule za serikali kwa rangi ni kinyume cha katiba. Mtoto mweusi wa Ohio aliyesoma habari ile alielewa jambo moja ambalo halikumtoka tena: kwamba maneno yaliyoandikwa na majaji yanaweza kumfungulia mtu mlango wa shule. Mama yake alifariki Alan akiwa na umri wa miaka 13, na hamu ile ya kusoma ikabaki.

Futiboli aliianza sekondari, katika shule ya Central Catholic. Kuna jambo moja la wakati huo ambalo kila nikilisoma hunisimamisha. Canton ndio mji uliochaguliwa kujengwa Ukumbi wa Umashuhuri wa Futiboli ya Kulipwa, mahali ambapo wachezaji bora wa ligi hutunukiwa na sanamu zao za kichwa huwekwa. Ukumbi huo ulifunguliwa mwaka 1963, mwaka uleule Page alipomaliza sekondari, na kijana huyo alikuwa miongoni mwa vibarua waliofanya kazi kwenye ujenzi wake. Hakuna aliyeweza kujua kwamba miaka 25 baadaye kibarua yule angeingia humo kwa mlango wa mbele.

Kutoka hapo alikwenda Chuo Kikuu cha Notre Dame, jimbo la Indiana, ambako alisoma sayansi ya siasa na kuhitimu mwaka 1967. Timu ya chuo ile ilikuwa bingwa wa taifa mwaka 1966, katika msimu unaokumbukwa kwa sare ya 10-10 dhidi ya Michigan State, na Page alihesabiwa miongoni mwa walinzi bora wa vyuo vyote nchini. Ligi ya kulipwa hugawana wachezaji wanaotoka vyuoni kwa zamu, timu moja baada ya nyingine, na katika mgawo wa 1967 Minnesota Vikings walimchukua akiwa wa 15 kwa jumla.

Sasa niingie kwenye swali lako la kwanza, ambalo ni la haki kabisa kwa mtu aliyezoea soka. Katika futiboli ya Kimarekani timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, yaani kama mita tisa. Ikifaulu, inaanza kuhesabu upya. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kila jaribio ni tukio la sekunde chache tu: watu 11 kwa 11 wamejipanga, mpira unasukumwa nyuma kwa kwotabeki, ambaye ndiye mtoa pasi na mwenye kuamua mwelekeo wa mashambulizi, na mbele yake wenzake watano wenye miili mikubwa wanasimama kama ukuta ili apate nafasi ya kutazama na kurusha. Page alicheza katikati ya mstari wa mbele wa ulinzi. Kazi yake ilikuwa kuupasua ukuta ule, mara nyingi huku watu wawili wakimkabili kwa pamoja, na kumfikia kwotabeki kabla mpira haujamtoka mkononi, au kumkamata mkimbiaji kabla hajapata kasi.

Utaona basi kwamba kuzuia katika mchezo huu si kungoja. Mlinzi anayemwangusha kwotabeki nyuma ya mstari huirudisha timu nzima nyuma kwa hatua kadhaa na kuipotezea jaribio moja kati ya manne. Mlinzi anayemfanya kwotabeki arushe mpira nusu sekunde mapema kuliko alivyotaka hutengeneza pasi mbovu ambayo mlinzi mwingine wa nyuma ataidaka, na jina litakalotajwa redioni ni la huyo aliyedaka. Mchango wake mwingi hauonekani kwenye hesabu. Ndiyo maana tuzo kubwa karibu zote huwaendea wanaorusha mpira na wanaokimbia nao, na ndiyo maana ile ya 1971 ina uzito wa pekee.

Silaha ya Page ilikuwa wepesi. Alikuwa na urefu wa kama mita 1.93 na uzito wa kama kilo 111, mwili ambao mtaani ungemtisha mtu lakini kwa nafasi yake haukuwa mkubwa. Jaribu kumwona kwa karibu: ameinama, vidole vya mkono mmoja vimegusa nyasi, macho yako usawa wa viuno vya wapinzani. Mpinzani aliyeegemeza uzito wake mbele kwa kawaida anajiandaa kusukuma, na aliyerudisha uzito nyuma anajiandaa kulinda pasi. Anayeweza kusoma tofauti hiyo ndogo, na kuondoka mara tu mpira unapotikisika, anakuwa ameshapita begani kwa mtu kabla huyo mtu hajainuka. Page aliondoka haraka kiasi kwamba jicho la kawaida lingedhani ametangulia. Vikings walimtoa pembeni, alikokuwa akicheza chuoni, wakamweka katikati, na mapema tu katika msimu wake wa kwanza akawa mchezaji wa kuanza. Tangu alipovaa jezi ya kulipwa hadi alipoivua, hakukosa mchezo hata mmoja. Jumla yake ni michezo 218 mfululizo.

Kocha wake, Bud Grant, aliingia Vikings mwaka huohuo wa 1967. Uwanja wao, Metropolitan Stadium, haukuwa na paa, na ulikuwa Bloomington, mji jirani na Minneapolis, pale ambapo leo limejengwa duka kubwa la Mall of America ambalo mpwa wako bila shaka analijua vizuri. Grant hakuruhusu mitambo ya kupasha joto kando ya uwanja hata Desemba, wakati ardhi ya Minnesota inapokuwa ngumu kama sakafu ya saruji, kwa hoja kwamba mchezaji anayefikiria kuota moto hafikirii mchezo. Humo ndimo ulimojengeka mstari wa walinzi wanne ambao mashabiki waliupa jina la utani la wala watu wa zambarau, kwa rangi ya jezi zao: Page, Carl Eller, Jim Marshall na Gary Larsen. Mwaka 1969 Vikings waliruhusu pointi 133 tu katika michezo 14 ya msimu, chini ya pointi 10 kwa mchezo, wakatwaa ubingwa wa NFL kwa kuwafunga Cleveland Browns 27-7, ingawa siku hizo bingwa wa NFL alibaki na mchezo mmoja zaidi, Super Bowl, dhidi ya bingwa wa ligi pinzani ya AFL. Mwaka uliofuata waliruhusu 143, na mwaka 1971 wakaruhusu 139.

Watu wa Minnesota wa rika lile bado wanausimulia mchezo wa Desemba 1971 dhidi ya Detroit Lions, ambapo waamuzi walimwadhibu Page mara mbili mfululizo kwa makosa ambayo yeye hakukubali kwamba aliyafanya. Aliporudi kwenye mstari hakubishana nao tena. Katika majaribio yaliyofuata aliupasua ukuta wa Lions moja kwa moja na kuwaangusha wenye mpira nyuma ya mstari wao, mmoja baada ya mwingine, na uwanja mzima ukajua kwamba siku ile hakuna mtu wa kumzuia. Msimu ulipomalizika, tuzo ya Mchezaji Bora wa ligi na ile ya Mlinzi Bora wa mwaka zote zilikwenda kwake.

Nikutajie na takwimu moja ambayo wapenzi wa mchezo huitaja kwa masikitiko. Ligi ilianza kuhesabu rasmi kuangushwa kwa kwotabeki mwaka 1982, msimu mmoja baada ya Page kustaafu. Waliopitia kumbukumbu za timu na filamu wanamhesabia mara 148 na nusu (nusu hutolewa pale walinzi wawili wanapomwangusha mtu pamoja), idadi ambayo ingemweka miongoni mwa wakubwa wa historia, lakini haimo katika orodha rasmi ya ligi. Fainali za Super Bowl nazo zilimnyima furaha: Vikings walifika mara nne, Januari 1970, 1974, 1975 na 1977, na mara zote nne walishindwa.

Ningependa nikae zaidi kwenye jambo lingine, lililotokea chumbani na si uwanjani. Page amesimulia kwamba katika kikao kimoja cha walinzi wa mstari wa mbele kocha aliwataka wasome kwa sauti, kwa zamu, kurasa za kitabu cha mipango ya mchezo. Wenzake kadhaa hawakuweza. Fikiria hali ile: wanaume wazima, waliopita sekondari na vyuo vikuu, mashujaa wa watoto wa jimbo zima, wanakwama kwenye sentensi huku wenzao wakitazama meza. Page hakuwacheka. Alijiuliza ni walimu wangapi walimpitisha kijana yule darasa baada ya darasa kwa sababu tu alijua kucheza, na ni nani atakayemsaidia goti lake likivunjika. Mengi aliyoyafanya baadaye kuhusu shule yanaanzia kwenye chumba kile.

Katika miaka hiyohiyo ya 1970 alikuwa mwakilishi wa wachezaji wa Vikings katika chama chao cha wafanyakazi, na kwa muda akawa kwenye kamati yake kuu. Siku hizo mchezaji aliyemaliza mkataba hakuwa huru kweli, kwa kuwa timu iliyomchukua ililazimika kuifidia timu aliyotoka, na kamishna wa ligi ndiye aliyepanga fidia hiyo, jambo lililowatisha wanunuzi wote. Mgomo wa 1974 uliendeshwa kwa kaulimbiu ya kwamba bila uhuru hakuna futiboli, nao haukufanikiwa. Lakini kesi iliyofunguliwa kwa jina la mchezaji John Mackey ilisikilizwa na mahakama ya shirikisho Minneapolis, jirani na uwanja aliochezea Page, na sheria ile ya fidia ikaangushwa. Naamini alijifunza hapo kwamba mlango uliogoma kufunguka kwa mgomo unaweza kufunguka mahakamani.

Shule ya sheria aliijaribu mapema katika miaka yake ya kucheza, akaiacha baada ya wiki tatu. Baadaye aliingia Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Minnesota na kuhitimu mwaka 1978 akiwa bado mchezaji wa kulipwa. Mwanafunzi yeyote wa sheria wa Dodoma au Nairobi anajua mwaka wa kwanza wa masomo hayo ulivyo. Yeye aliubeba pamoja na kazi ambayo Jumapili jioni humwacha mtu hawezi kuinama kufunga kamba za viatu.

Wakati huohuo alianza mbio za masafa marefu. Chanzo chake kilikuwa nyumbani: mkewe, Diane, alikuwa akijitahidi kuacha sigara, akaanza kukimbia, na mume akaungana naye, kisha akanogewa. Uzito wake ukapungua kwa kilo kadhaa. Yeye alijisikia mwenye afya kuliko wakati wowote, lakini benchi la ufundi la Vikings liliona mlinzi ambaye ameacha kuwa na mwili wa kazi yake, na Oktoba 1978, katikati ya msimu, Grant akamwacha. Hapo unaona mtu wa miaka 33, Mchezaji Bora wa zamani wa ligi, ametolewa kwa utaratibu ambao timu nyingine yoyote ingeweza kumchukua kwa dola 100. Chicago Bears walizilipa. Kocha wao mkuu, Neill Armstrong, alikuwa amesimamia ulinzi wa Vikings kwa miaka kadhaa, na msaidizi wake Buddy Ryan aliwahi kufundisha mstari uleule wa Page, hivyo walijua wanachonunua. Alicheza Chicago hadi mwisho wa msimu wa 1981, na hesabu za kumbukumbu zinampa mara 40 za kuwaangusha makwotabeki akiwa huko, yeye aliyeambiwa amekuwa mwembamba mno. Mwaka 1979, akiwa bado mchezaji wa Bears, alimaliza marathoni, na anatajwa kuwa mchezaji wa kwanza wa NFL kufanya hivyo kabla ya kustaafu.

Nami hapa nina maoni yangu. Wengi huiona Oktoba ile kama mwisho wa kusikitisha, lakini Page aliingia kwenye siku ile akiwa na shahada ya sheria, na mwaka uliofuata alianza kazi katika kampuni ya mawakili ya Minneapolis nje ya msimu. Kocha angeweza kumwondolea jezi, na asingekuwa amemwondolea kazi. Wachezaji wenzake wengi wa kizazi kile hawakuwa na pa kwenda siku walipoachwa, na yeye aliwaona.

Alipostaafu futiboli aliendelea na uwakili, kisha mwaka 1985 akaingia ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Minnesota, ambako alifanya kazi hadi 1992. Katikati ya kipindi hicho, mwaka 1988, Canton walimwita nyumbani kumtunuku. Kwa desturi, mchezaji anayeingizwa katika Ukumbi ule huchagua mtu wa kumtambulisha, na wengi huchagua kocha au mchezaji mwenzao. Page alimchagua mwalimu, Willarene Beasley, mkuu wa shule ya sekondari mjini Minneapolis, na hotuba yake mbele ya umati wa mashabiki ilihusu elimu. Mwaka huohuo yeye na Diane walianzisha Page Education Foundation, mfuko unaowalipia vijana wa Minnesota wasio wazungu sehemu ya gharama za chuo. Sharti lake ndilo ninalolipenda: anayefadhiliwa lazima naye atenge saa za kukaa na watoto wadogo shuleni, awasaidie masomo, ili mtoto wa darasa la tatu aone kwa macho yake mwanafunzi wa chuo anayefanana naye.

Sasa tuje kwenye ujaji wenyewe. Majaji wa Mahakama ya Juu ya Minnesota, ambao ni saba, huchaguliwa kwa kura kwa mujibu wa katiba ya jimbo; lakini kwa kawaida jaji hustaafu kabla muhula wake haujaisha, gavana anajaza nafasi, na uchaguzi unapofika aliyeteuliwa anakuwa tayari yuko kitini. Kiti kilicho wazi kwa mgeni ni nadra. Mwaka 1992 muhula wa jaji mmoja ulikuwa unamalizika, na Gavana Arne Carlson akamwongezea muda ili afikie umri wa kustaafu, maana yake uchaguzi usifanyike. Page aliishtaki serikali ya jimbo, katika kesi ijulikanayo kama Page dhidi ya Carlson. Kwa kuwa majaji wa mahakama ile wasingeweza kuamua kesi inayohusu kiti cha mwenzao, iliundwa jopo la majaji wa muda, na jopo hilo likaamua kwamba wananchi wana haki ya kupiga kura. Page akagombea, akashinda, akawa Mwafrika wa Marekani wa kwanza kukaa katika mahakama ile. Alichaguliwa tena mwaka 1998, 2004 na 2010. Umaarufu wa uwanjani ulimsaidia kwenye kampeni, hilo silikatai, maana jina linalojulikana ni mtaji kwa mgombea yeyote. Lakini mlango wenyewe aliufungua kwa hoja ya kikatiba.

Katika mwaka wake wa kwanza kitini, 1993, mahakama iliamua kesi ya Skeen, ambapo wilaya kadhaa za shule zililalamika kwamba mfumo wa fedha wa jimbo unaziacha nyuma ya wilaya tajiri. Majaji walio wengi waliona mfumo ule hauvunji katiba. Page alipinga. Elimu, kwake, ilikuwa haki ya msingi, na haki ya msingi haiwezi kutegemea thamani ya nyumba za mtaa aliozaliwa mtoto. Alijulikana kwa miaka yote 22 kama jaji asiyeona taabu kuandika maoni ya kupinga akiwa peke yake, na kwa tai yake ya kipepeo.

Sheria ya Minnesota humlazimisha jaji kustaafu afikapo miaka 70, na Agosti 2015 muda wake ukaisha. Hakukaa kimya. Mwaka 2020, pamoja na Neel Kashkari, mkuu wa Benki Kuu ya shirikisho tawi la Minneapolis, alipendekeza katiba ya jimbo, ambayo ni ya 1857, ibadilishwe ili itamke kwamba elimu bora ya shule za umma ni haki ya msingi ya kila mtoto. Pendekezo hilo limepata wapinzani, wakiwemo chama cha walimu, na mjadala umekuwa mkali. Mtu aliyesoma maoni yake ya 1993 hawezi kushangaa: ni hoja ileile, sasa anaipeleka kwa wapiga kura.

Kwa miaka mingi yeye na Diane walikusanya vitu vya enzi ya utumwa na ya sheria za ubaguzi, kama vile mabango yaliyowaelekeza watu weusi kwenye vyumba vyao vya kungojea, pamoja na bendera ya maombolezo ya Rais Lincoln ya mwaka 1865 yenye maneno ya kwamba hatutakusahau. Mwaka 2018 waliyaonyesha katika maktaba kuu ya Minneapolis, watu wote waingie na kuyatazama. Diane alifariki mwaka huohuo, na Novemba Page akatunukiwa Nishani ya Rais ya Uhuru, ambayo ni nishani ya juu kabisa kwa raia wa Marekani.

Na shule ya mpwa wako? Zamani iliitwa Alexander Ramsey, kwa jina la gavana ambaye mwaka 1862 alitamka kwamba Wadakota, wenyeji wa ardhi ile, waangamizwe au wafukuzwe kabisa jimboni. Wanafunzi wenyewe ndio walioanzisha juhudi za kuliondoa jina hilo, na mwaka 2017 shule ikapewa jina la Page. Kwa hiyo kijana wako akiulizwa na wenzake wa Tanga kwa nini shule yake ina jina la mchezaji, ajue kwamba watoto wa shule waliotangulia walilitafakari na kulipigania.

Ukitaka kumfurahisha, mwambie aangalie picha za Jaji Page akiwa na joho lake, hasa mkono wa kushoto. Kidole kidogo kimepinda pembeni kabisa, karibu pembe ya kulia na mkono, kwa sababu kiliteguka mara nyingi kwenye mstari ule na hakikurudi mahali pake. Watoto humuuliza juu yake kila anapotembelea shule, na yeye na binti yake Kamie, ambaye ni mwalimu, walikiandikia hata kitabu cha watoto.

Kisha atafute filamu za Vikings za mwaka 1971. Mwambie asiufuate mpira kwa macho kama tulivyozoea kwenye soka, maana ataona watu wanaanguka bila kujua ni nani aliyewaangusha. Amtafute nambari 88, katikati ya mstari wa ulinzi, upande usio na mpira. Amtazame akiwa ameinama, ahesabu moja tu baada ya mpira kutikisika, ndipo amtafute kwotabeki yuko wapi.